Maswali ya wasomaji: arifa na mapambo ya skrini unaporusha gemu mubashara

Barua nyingi za mwezi huu zimegusa jambo moja: picha, maandishi na sauti zinazowekwa juu ya gemu inaporushwa mubashara. Arifa ni zile zinazochomoza mtu anapokufuata, anapochangia au anapokuletea watazamaji wake. Mapambo ni vitu vinavyokaa pale muda wote, kama fremu ya kamera na jina la chaneli. Tumejibu kwa kutumia OBS Studio kwa sababu ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ndiyo wengi wenu mmeitaja. Majina ya vitufe tumeyaacha kama yanavyosomeka ndani ya programu ili msihangaike kuyatafuta.

Habari za kazi, wahariri. Nacheza EA FC, gemu ya mpira, kwenye laptopu na kurusha YouTube. Nimefungua akaunti ya Streamlabs nikaweka arifa, lakini mtu akijiunga na chaneli hakuna kinachotokea. Nimekosea wapi? – Msomaji, Arusha

Ndugu yetu, turudi mwanzo, kwa sababu tatizo hili lina milango mingi na huwezi kujua ni upi ulio wazi mpaka uipitie yote kwa mpangilio.

Ingia kwenye tovuti ya Streamlabs kwa akaunti ileile ya chaneli unayorushia. Fungua ukurasa wa "Alert Box" na unakili kiungo cha arifa kilichofichwa pale juu. Usinakili anwani iliyo kwenye kivinjari chako. Hiyo ni ya ukurasa wa mipangilio, na ukiibandika kwenye OBS utaona ukurasa wa kuingilia au usione kitu kabisa. Rudi OBS, kwenye kisanduku cha "Sources" bofya alama ya kujumlisha, chagua "Browser", kipe jina Arifa. Futa anwani ya mfano uliyoikuta, bandika kiungo chako, weka upana 800 na urefu 600. Chini kuna mistari michache ya CSS. Iache kama ilivyo, kwani ndiyo inayofanya mandharinyuma yawe wazi.

Sasa tazama orodha ya "Sources". Kilicho juu kwenye orodha ndicho kinachokaa mbele kwenye picha. Arifa ikiwa chini ya gemu inacheza kama kawaida, ila gemu imeifunika. Iburure hadi juu kabisa, hakikisha alama ya jicho haijafungwa, kisha rudi Streamlabs ubofye kitufe cha jaribio.

Jaribio lisipoonekana, kosa liko upande wa OBS: kiungo si chenyewe, chanzo kimefichwa, au kimesukumwa nje ya mipaka ya picha. Bofya "Refresh" chini ya kidirisha cha kuonyesha, ujaribu tena. Jaribio likionekana lakini watu halisi hawaonekani, angalia kwanza kama umeunganisha chaneli sahihi. Wapo wanaoingia Streamlabs kwa akaunti ya Twitch kisha wakarusha YouTube, na mfumo unabaki kusubiri wageni kwenye mlango usiotumika.

Kwako wewe wa YouTube kuna sababu nyingine, na tunadhani ndiyo yako. YouTube hutoa majina ya waliojiunga pale tu mtu alipoweka orodha yake ya chaneli wazi kwa umma. Aliyeifunga hatatokea kwenye arifa hata ufanye nini, ingawa hesabu ya waliojiunga inaongezeka. Na wale wanaotokea huchelewa kidogo, kwa sababu Streamlabs huuliza kila baada ya muda badala ya kupigiwa hodi papo hapo. Kwa hiyo usimwambie rafiki yako ajiunge na kujitoa mara kumi ili kupima. Tumia kitufe cha jaribio.

Mambo mawili kabla hujaondoka. Ukitaka arifa ileile kwenye mandhari ("Scene") nyingine, kwa mfano ya mapumziko, chagua kutumia chanzo kilichopo badala ya kutengeneza kipya. Vyanzo viwili tofauti vyenye kiungo kimoja hufanya kazi kwa pamoja hata kimoja kikiwa kwenye mandhari isiyoonekana, na sauti inatoka mara mbili. Pia, kiungo hicho ni siri. Yeyote akikipata anaweza kukifungua kwake na kuona arifa zako zote, za michango zikiwemo. Kikionekana hewani kwa bahati mbaya, tengeneza kipya kwenye mipangilio ya Streamlabs siku hiyohiyo.

Arifa zangu zinaonekana vizuri, ila mimi sizisikii. Nikizisikia, watazamaji wanalalamika zinatoka mara mbili kama mwangwi. Nisaidieni jamani. – Msomaji, Mombasa

Dada, siri iko kwenye kisanduku kimoja kidogo ndani ya chanzo cha "Browser": "Control audio via OBS".

Kisipokuwa na tiki, sauti ya arifa hutoka kwenye spika za kompyuta kama sauti ya programu nyingine yoyote. Wewe unaisikia, na OBS inaiokota pamoja na gemu kupitia "Desktop Audio". Ni rahisi, lakini huwezi kupunguza arifa peke yake ndani ya OBS. Ukiweka tiki, arifa inapata mstari wake kwenye kisanduku cha sauti na unaweza kuipandisha na kuishusha utakavyo, ila kwako inanyamaza. Watazamaji wanasikia, wewe husikii. Ili uisikie, fungua "Advanced Audio Properties" na kwenye safu ya "Audio Monitoring" chagua "Monitor and Output".

Mwangwi unazaliwa hapo. OBS inatuma arifa kwenye hedifoni zako, na "Desktop Audio" inarekodi kila kinachokwenda kwenye hedifoni hizohizo. Arifa inafika kwa watazamaji kwa njia mbili, moja ikichelewa kidogo. Kwenye Windows tiba nzuri ni kuzima "Desktop Audio" kabisa na kuongeza chanzo cha "Application Audio Capture" kinachookota sauti ya gemu tu. Baada ya hapo arifa ina njia moja.

Kuhusu viwango: sauti yako ya maiki icheze kwenye eneo la njano, gemu ikae chini yake karibu na desibeli -25 hadi -30, na arifa isipite -20. Arifa inayopiga kelele kuliko anayezungumza humfanya mtu aliyevaa hedifoni usiku afunge video, na hatarudi kukueleza kwa nini. Sekunde mbili au tatu za sauti zinatosha. Usikate kipande cha wimbo wa msanii anayevuma; mfumo wa YouTube wa kutambua muziki unaweza kuukamata, na Twitch huweza kunyamazisha sehemu hiyo ya rekodi. Maktaba ya sauti ya YouTube ina milio ya bure inayofaa kazi hii.

Nimetengeneza fremu nzuri sana, lakini wenzangu wanasema kwenye simu hawasomi kitu. Kwenye kompyuta yangu kila kitu kinasomeka. Je, niongeze ubora hadi 1080p? – Msomaji, Mwanza

Hapana, ndugu. Ubora hauna kosa hapa. Kinachokuangusha ni ukubwa wa herufi, na hesabu yake unaweza kuifanya mwenyewe.

Turubai ya OBS, yaani eneo unalopangia picha, kwa kawaida ina kimo cha pikseli 1080. Simu ya kawaida ikilazwa, video inapata kimo cha takriban sentimita 7. Herufi uliyoiweka kwa pikseli 20 inakuwa na kimo cha milimita 1.3 tu mkononi mwa mtazamaji, na ukishusha picha hadi 720p zile pikseli 20 zinabaki 13. Hakuna jicho litakalosoma hapo. Kwa watazamaji wa simu, na hao ndio wengi wetu, anzia pikseli 36 kwa maandishi madogo kabisa na 56 hadi 64 kwa jina kwenye arifa. Chagua fonti nene isiyo na mikia. Weka mstari mweusi wa pikseli 4 kuzunguka herufi, kwa sababu kwenye gemu ya mpira nyuma kuna nyasi za kijani, jezi nyeupe na taa za uwanja, na rangi moja ya herufi haiwezi kuzishinda zote.

Ukimaliza, kaa mbali na kompyuta, fungua video ya majaribio kwenye simu yako na uisome kwa urefu wa mkono. Kwenye YouTube iweke "Unlisted" ili asiione mtu asiye na kiungo.

Halafu pima kila kipande kwa swali moja: kinamsaidia nini mtazamaji? Wengi mnatuma picha zenye orodha ya mfuasi wa mwisho, mchangiaji wa mwisho, mchangiaji mkubwa, lengo la mwezi, saa, wimbo unaocheza na akaunti tano za mitandao. Gemu imebaki dirisha dogo katikati. Sisi tungebakiza kamera, jina la chaneli na arifa, basi. Akaunti za mitandao ziende kwenye maelezo ya video, ambako zinaweza hata kubofywa.

Mahali pa kuviweka panategemea gemu. EA FC huweka matokeo juu kushoto, ramani ndogo ya uwanja chini katikati na majina ya wachezaji kwenye pembe za chini, hivyo pembe ya juu kulia ndiyo iliyo huru zaidi kwa kamera, na arifa itokee chini yake. Free Fire ina ramani juu kushoto, PUBG Mobile inayo juu kulia. Usiwahi kufunika ramani.

Arifa yangu ya GIF ina kingo zenye meno kama msumeno. Nikaibadilisha kuwa MP4, ikatokea na sanduku jeusi. – Msomaji, Kigoma

Vyote viwili ni tabia ya faili zenyewe. GIF ina rangi 256, na kila pikseli ama inaonekana yote au haionekani kabisa. Hakuna nusu, ndiyo maana kingo haziwi laini. MP4 ya kawaida haibebi uwazi hata kidogo, kwa hiyo sehemu tupu inajazwa nyeusi. Unachohitaji ni video ya aina ya WebM, iliyobanwa kwa VP9, yenye uwazi. Toa kazi yako kwenye programu ya kuhariri kama MOV ya ProRes 4444, ukiweka tiki ya kutoa na "alpha", kisha igeuze kwa amri hii ya programu ya bure ya FFmpeg:

ffmpeg -i arifa.mov -c:v libvpx-vp9 -pix_fmt yuva420p arifa.webm

Hiyo yuva420p ndiyo yenye uwazi. Herufi a ikikosekana, sanduku jeusi linarudi. Kwa picha zisizotembea tumia PNG, kamwe si JPG.

Nikiwasha arifa, chati na malengo, gemu inaanza kukwama. Laptopu ina RAM 8 GB. Je, ni intaneti? – Msomaji, Nakuru

Usibahatishe, OBS inakuambia yenyewe. Fungua kidirisha cha "Stats" na utazame mistari mitatu. Fremu zilizopotea kwa sababu ya mtandao zinaonyesha kasi yako ya kupakia haitoshi. Fremu zilizokosekana kwa kuchelewa kuchorwa zinaonyesha kadi ya grafiki imezidiwa, mara nyingi na gemu yenyewe; ifunge fremu 60 kwa sekunde badala ya kuiacha ikimbie bila kikomo. Fremu zilizorukwa kwa kuchelewa kubanwa zinaonyesha usimbaji, yaani kazi ya kubana video, ni mzito: hama kutoka x264, inayotumia prosesa, kwenda NVENC kama kadi ni ya NVIDIA, au QuickSync kama una Intel pekee.

Lakini mapambo nayo yana mchango wake. Kila chanzo cha "Browser" ni kama dirisha zima la kivinjari lililofunguliwa kwa siri, na wewe umefungua matatu. StreamElements, huduma inayofanana na Streamlabs, inakuruhusu kuweka arifa, chati na malengo kwenye ukurasa mmoja wa 1920 kwa 1080, kisha unaleta kiungo kimoja tu. Chanzo hicho hakihitaji fremu zaidi ya 30 kwa sekunde. Kuna kisanduku cha kuzima chanzo kisipoonekana. Kinapunguza mzigo, ila kwenye arifa tunakikataza, kwa kuwa ukurasa ukizimwa, arifa zilizokuja wakati huo zinapotea.

Ondoa pia fremu zinazochezacheza, zile zenye cheche na moshi muda wote. Data ya picha unayotuma kwa sekunde ina kikomo. Kwa 2500 kbps, kila cheche inayotembea pembeni inakula sehemu iliyokuwa ya gemu; kama ni ya mpira, mchezo unafifia na nyasi zinageuka uji. Kwa kiwango hicho cha 720p na fremu 30, pamoja na sauti ya 160 kbps, saa moja inakula takriban GB 1.2 za bando lako, na kasi ya kupakia isipungue Mbps 4 ili upate nafasi ya kupumua. Kwenye 6000 kbps saa moja inapita GB 2.7. Mtazamaji naye analipa. YouTube humpa viwango vya chini vya kuchagua; Twitch haimhakikishii hilo kwenye chaneli ndogo, hivyo anaweza kulazimika kutazama kiwango kilekile unachotuma.

Watu wananitumia kidogokidogo kwa M-Pesa. Nataka mchango uonekane kwenye skrini kama wa PayPal. Inawezekana? – Msomaji, Thika

Inawezekana, ila Streamlabs na StreamElements hazisomi ujumbe wa M-Pesa, kwa hiyo kuna kazi ya mkono.

Fungua faili tupu iitwayo mchango.txt. Ndani ya OBS tengeneza mandhari ndogo uiite Mchango, weka video yako ya WebM kama "Media Source" na uwashe "Restart playback when source becomes active". Juu yake ongeza chanzo cha maandishi na uweke tiki ya "Read from file" ukielekeza kwenye faili lile. Sasa ingiza mandhari ya Mchango ndani ya mandhari kuu, ifiche, kisha kwenye "Hotkeys" weka F9 kwenye "Show" na F9 hiyohiyo kwenye "Hide". Ujumbe ukiingia, andika kwenye faili "Asante Amani, sh. 100", hifadhi, bonyeza F9. Maandishi yanabadilika yenyewe bila kugusa OBS. Ukiwa na msaidizi pembeni, mpe kazi hiyo, wewe cheza.

Anayetaka iende yenyewe anahitaji Paybill au Till, huduma ya Daraja ya Safaricom inayopeleka taarifa ya malipo kwenye seva yako, na programu fupi ya kuipeleka StreamElements au Streamlabs. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kuandika programu.

Kwa njia yoyote, usionyeshe namba ya simu ya aliyetuma, na jina litokee kama alivyokubali. Wala usionyeshe hewani skrini ya simu inayopokea ujumbe wa M-Pesa. Salio lako na majina ya watu yote yapo pale.

Nacheza Free Fire kwa simu ya Android. Nina kompyuta ya kawaida. Mapambo nitayawekaje? – Msomaji, Dodoma

Tumia scrcpy, programu ya bure inayoleta skrini ya simu kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Kwenye simu nenda "About phone", gusa "Build number" mara 7, rudi kwenye menyu mpya ya wasanidi uwashe "USB debugging". Chomeka, washa scrcpy, kisha OBS ichukue dirisha hilo kwa "Window Capture". Kuanzia toleo la 2.0 inaleta na sauti, mradi simu iwe na Android 11 au zaidi.

Na hapa simu inakupa zawadi. Simu yenye skrini ya 20 kwa 9, ukiipanua ijae upana wa 1920, inachukua kimo cha pikseli 864. Zinabaki 216 tupu. Sukuma gemu juu kabisa, na ukanda wote wa chini uwe wa jina, chati na arifa. Hakuna kitakachofunika ramani wala vitufe vyako.

Nimenunua fremu, faili linaishia na .overlay na OBS hailifungui. – Msomaji, Zanzibar

Faili hilo ni la Streamlabs Desktop, programu nyingine. Muombe muuzaji PNG na WebM zilizomo ndani, au lifungue kwenye Streamlabs Desktop. Kabla ya kununua tena, uliza aina ya faili.

Nilihamisha mandhari zangu kwenda kompyuta mpya kwa "Export", picha zote zimepotea. – Msomaji, Bujumbura

Faili la "Scene Collection" hubeba anwani za picha, si picha zenyewe. Weka kila picha, video na sauti kwenye folda moja, kwa mfano D:\Mubashara, ulihamishe pamoja na folda hiyo. OBS ikifunguka itakuonyesha orodha ya faili isizozipata. Elekeza moja kwenye folda mpya na nyingine za humo itazitafuta. Fonti nazo zisakinishe upya, la sivyo maandishi yatabadilika sura.

Mtu alichangia kidogo ili mashine isome matusi ya Kiswahili hewani, mama yangu akiwa sebuleni. Kichujio hakikuzuia. – Msomaji, Tanga

Pole sana. Orodha za maneno mabaya zinazokuja na mifumo hii zimejengwa kwa Kiingereza zaidi, kwa hiyo matusi yetu yanapita kama salamu. Fungua mipangilio ya kichujio cha maneno uandike yako mwenyewe, kila neno kwa tahajia zake zote: lenye namba badala ya herufi, lililokatwa kwa nukta, na la Sheng. Weka kiwango cha chini cha mchango kabla ujumbe kusomwa. Washa uidhinishaji, ili kila arifa isubiri wewe au msimamizi wako mbofye kabla haijatoka. Na kitufe cha kuruka arifa kiweke ndani ya OBS kupitia "Custom Browser Docks", ukibandika anwani ya ukurasa wa matukio ya chaneli yako, ili usitafute kichupo wakati tusi lishaanza kusomwa. Kama hayo yote ni mzigo, zima usomaji wa mashine usome mwenyewe. Sauti hizo nyingi hutamka Kiswahili kwa lafudhi ya Kiingereza, na wachangiaji hufurahi zaidi kusikia jina lao likitajwa sawasawa na wewe.